Bubu wa Gereji ya Ziro

Munyoki alikuwa amejikunja nyuma ya matairi makuukuu, ndani ya stoo ya gereji, aliposikia gari linakuja likilia. Haikuwa honi. Ulikuwa mlio wa mpira unaosuguliwa na chuma, mkali, wa kutia meno ganzi, kisha ukakatika ghafla na chini ya boneti kikafuata kishindo kidogo kama kofi. Sikio lake lilitambua kabla ya akili: mkanda umekatika. Hapo ndipo woga ulipomrudia, kwa sababu gari lililokatika mkanda haliendi popote. Litasimama papo hapo lilipo, na watu wake watashuka.

Ilikuwa Agosti ya mwaka wa tisini na saba. Tangu Likoni iliposhambuliwa, barabara nzima kutoka kivukoni hadi Ukunda ilikuwa imebadilika sura. Vibanda vya wabara vilichomwa moto, vikaratasi vikatupwa milangoni vikiwataka warudi kwao, na wengine hawakupewa hata nafasi ya kurudi. Munyoki alikuwa Mkamba wa Mutomo, huko bara. Alikuja pwani akiwa kijana kutengeneza mafriji ya hoteli za Diani, akahamia kwenye viyoyozi vya magari, na mwisho akaungana na Ziro, Mduruma wa kule Kinango, mwenyeji wa pwani, wakafungua gereji yao kandokando ya barabara ya kwenda Msambweni. Ziro alishika injini, Munyoki akashika baridi. Mkewe, Winrose, alikuwa amekwenda Mutomo na watoto kwa likizo, na Munyoki alimshukuru Mungu kwa hilo kila alipovuta pumzi. Yeye mwenyewe hakuwahi kuondoka. Njia ya kivukoni haikupitika kwa mtu kama yeye, na nyumba aliyopanga ilikuwa imekwisha kuvunjwa mlango. Ziro ndiye aliyemtia stoo, akamletea ugali na mchicha, akamwambia, "Kaa humo. Mtu akija, wewe hupo."

Sasa watu walikuwa wamekuja.

"Hodi wenyewe!" sauti nzito iliita.

"Karibuni," Ziro akajibu.

"Gari limetufia hapa. Tazama kuna nini, kwa hisani yako. Tuna haraka."

Boneti ilifunguliwa. Munyoki alichungulia kwenye tundu la ubao. Aliona pikapu nyeupe iliyojaa nazi hadi juu, zimefunikwa majamvi na kufungwa kamba. Dereva alikuwa mtu wa makamo, mnene wa mabega, kofia ya kiua kichwani, na shati lake limelowa jasho mgongoni. Mwenzake, mwembamba mwenye ndevu chache, alikuwa ameketi juu ya mzigo na panga mapajani. Hakuwa akifua nazi kwa lile panga. Alikuwa amelishika tu, akitazama barabara, huku na huku, kama kuku anayemwona mwewe.

"Tembo," yule wa juu alimwambia dereva, "tusikae hapa."

"Kavumbi, nyamaza. Unataka tulibebe gari kichwani?"

Ziro aliingiza mkono ndani ya injini, akaguna. "Hii ni kompresa ya AC. Puli yake imekwama, haizunguki hata kidogo. Beringi imekufa. Ndiyo iliyokula mkanda."

"AC sisi hatuitaki. Kata, tupa, twende."

"Ingekuwa na mkanda wake peke yake ningekata. Gari hili lina mkanda mmoja unaozungusha kila kitu, pampu ya maji humo humo. Nikitia mkanda mpya juu ya puli iliyokwama, utakatika kabla hujafika Gazi. Ukienda bila mkanda, injini itachemka na kufa."

"Basi tia kompresa nyingine."

Ziro alitazama rafu. Kompresa ilikuwapo. Munyoki mwenyewe alikuwa ameifungua kwenye pikapu ya namna ile ile iliyopinduka, akaisafisha, akaiweka rafuni na midomo yake imezibwa kwa vitambaa. Lakini Ziro hakuwa mtu wa gesi. Mwaka uliopita alifungua bomba la AC bila kungoja, gesi ikamrukia, ikamuunguza vidole kwa baridi mpaka ngozi ikabambuka. Tangu siku ile hakugusa.

"Fundi wa kazi hiyo hayupo," Ziro alisema.

Ni wakati huo Kavumbi alipoteremka kwenye mzigo na kwenda nyuma ya gereji kujisaidia. Munyoki alisikia kandambili zake zinazunguka ukuta, zinasimama, zinarudi hatua moja. Mlango wa stoo ulisukumwa. Mwanga uliingia, na ndani ya mwanga mlikuwa na mtu na panga.

Walitazamana. Munyoki alitaka kusema "Tafadhali", akakumbuka kwamba hata neno hilo moja lingetosha kumuuza. Miaka yote ile pwani, ulimi wake haukukubali kuachana na Mutomo. Gari kwake lilikuwa "ngali", na Ziro alikuwa akimcheka kwa hilo kila asubuhi.

"Kuna mtu humu!" Kavumbi alipiga kelele. "Tembo, kuna mtu amejificha!"

Ziro alikuja mbio. Munyoki alimwona amesimama nyuma ya bega la yule kijana, uso wake umegeuka rangi ya jivu, midomo inatafuta neno. Neno lililotoka wote wawili hawakuwa wamelipanga.

"Huyo ni fundi wangu! Ni kiziwi, bwana. Bubu. Hasikii wala hasemi, tangu kuzaliwa. Nimemficha kwa sababu vijana wakimuuliza jambo hatawajibu, watadhani anawadharau."

Tembo alisogea. Alimtazama Munyoki kwa muda mrefu, kuanzia miguu hadi utosini.

"Mtu wa wapi?"

"Wa kwetu Kinango. Mtoto wa shangazi."

"Na ndiye fundi wa AC?"

Ziro hakuwa tena na njia ya kurudi. "Ndiye."

"Basi mlete afanye kazi," Tembo alisema. "Na aifanye haraka."

Ziro alimshika Munyoki mkono, akamtoa nje kwenye jua. Alimwonyesha injini kwa kidole, akazungusha mkono hewani kama puli, akafanya ishara ya kukata. Munyoki aliitikia kwa kichwa.

Alianza. Kwanza ilimbidi atoe gesi iliyosalia, na gesi haitaki pupa. Alifunika kifundo cha bomba kwa gunia bichi, akakilegeza robo mzunguko, akasikia ule mlio wa hewa inayotoroka, *ssss*, baridi ikipenya guniani mpaka kwenye kiganja. Ghafla akakumbuka kwamba kiziwi hasikii gesi ikitoka. Kiziwi huijua kwa mkono. Basi akaweka vidole juu ya gunia, akajifanya anaisikiliza kwa ngozi, na moyoni akajiuliza ni mangapi mengine atakayoyasahau kabla kazi haijaisha. Mtu huweza kufunga mdomo. Masikio hayana mfuniko.

Tembo alikuwa akitembea huku na huku, akitazama barabara. Kila baada ya muda alikwenda nyuma ya pikapu, akaweka mkono juu ya majamvi, akasimama kidogo, akarudi. Munyoki aliyaona hayo kwa pembe ya jicho. Chini ya nazi zile mna nini? Alifikiria mapanga. Alifikiria pinde na mishale, kama walivyosimulia watu. Alifikiria bunduki za polisi zilizoporwa. Spana ikamteleza na kugonga chuma, na alipotaka kushtuka kwa mlio wake alijizuia, akaitazama spana kama mtu aliyeona tu kwamba imeponyoka.

Gesi iliisha. Alitenganisha mabomba, akayaziba kwa vitambaa ili mchanga usiingie, akachomoa waya, akaingia chini ya gari kufungua bolti za chini. Huko chini alipumua kwa mara ya kwanza. Mgongo wake ulikuwa kwenye udongo wa moto na uso wake umeelekea vyuma, na vyuma havikumuuliza kwao ni wapi.

Hapo ndipo aliposikia.

Sauti ilitoka juu yake, nyuma kidogo, ndani ya tumbo la pikapu. Ilikuwa nyembamba, imekauka, sauti ya mtu ambaye ulimi umeshikana na kaakaa.

"Manzi," ilisema. Ikanyamaza. Kisha tena: "Mwaitu... manzi."

Maji. Mama, maji. Kwa Kikamba.

Munyoki aliinua kichwa kwa nguvu akakigonga kwenye chasi ya gari. Alibaki ameduwaa, macho yameelekea pale sauti ilipotoka, mdomo wazi. Alipogeuza shingo, aliona uso wa Tembo. Dereva alikuwa amechutama kando ya tairi, naye ameisikia sauti ile ile, na alikuwa akimtazama yeye. Alimwona bubu kiziwi amesikia.

Munyoki alikuwa amelala chali, hana pa kukimbilia. Akili yake iliruka juu chini kama panzi kwenye chupa. Wamemkamata mwanamke wa kwetu. Wanampeleka porini wakamuue. Nami sasa nimewajua, na wao wamenijua.

"Wewe," Tembo alisema polepole, na sauti yake nzito ilikuwa imepasuka katikati. "Umesikia."

Alikuwa ameshika chuma cha kufungulia matairi. Lakini mkono ulioshika chuma kile ulikuwa unatetemeka. Munyoki aliutazama. Mkono wa mtu anayekwenda kuua hutetemeka hivyo? Hakujua. Hakuwahi kumwona mwuaji. Alichojua ni kwamba juu ya kichwa chake mtu wa kwao alikuwa anakufa kwa kiu kwenye jua la saa saba, na kwamba yeye ndiye peke yake hapo aliyeelewa anachoomba, au ndivyo alivyodhani. Aliweka mdomo karibu na bodi, na kwa Kikamba, kwa sauti ya chini, akamwambia avumilie, maji yanakuja.

Nazi zikasogea juu. Mwanamke alianza kulia.

Tembo aliangusha chuma. Aliketi mchangani kwa kishindo, akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Mkamba," alisema. "La ilaha illallah. Ni Mkamba. Na mimi nilikuwa nimeanza kufikiria nikufanye nini usiende ukatutaja."

"Kunitaja?" Munyoki alisikia sauti yake mwenyewe, ngeni, ya kukwaruza. "Nani anataja nani?"

"Huyo mama mle ndani anaitwa Everlyn. Ni mpangaji wa mama yangu huko Tiwi. Hufundisha watoto wadogo. Jana walikuja kumuulizia. Mama akasimama mlangoni akawaambia amekwisha kwenda, kisha akaniita akaniambia: mtu aliyekula chumvi yangu hafi mlangoni pangu, mtoe leo hii. Nampeleka kwenye misheni huko mbele ya Msambweni, wamekusanyika wengi huko. Wakinikuta naye, ndugu yangu, hawatauliza mimi ni dini gani wala kabila gani."

Ziro alikuwa amekuja, amesikia yote, na machozi yalikuwa yakimtoka bila yeye kujua. Alikwenda kuchota maji kwenye mtungi. Kavumbi alifunua pembe ya jamvi, akatoa nazi chache, na mkono mwembamba wa kike ukatokea gizani ukapokea kopo. Walimsikia anavyokunywa. Munyoki alisimama pembeni. Alitaka kusema jambo la kumtuliza, lakini Kavumbi alirudisha nazi haraka haraka, akasema kwa mnong'ono:

"Wanakuja."

Kundi la vijana lilikuwa likija kwa miguu kutoka upande wa Ukunda, katikati ya barabara, kana kwamba magari hayakuwa yameumbwa. Wengine walishika marungu, wengine mapanga. Aliyetangulia alivaa koti la mvua, ingawa hapakuwa na wingu.

"Rudi kwenye injini," Ziro alisema bila kufungua meno. "Wewe ni kiziwi. Umesikia? Wewe ni kiziwi."

Munyoki aling'oa ile kompresa mbovu, akainua nzuri kutoka kwenye rafu, akaikumbatia kifuani. Ilikuwa nzito, na uzito wake ulimsaidia. Ulimpa sababu ya kukunja uso. Aliiteremsha mahali pake, akashika bolti ya kwanza kwa vidole. Vidole vilikataa kuona tundu. Akajaribu tena, na tena. Ikaingia.

"Salaam alaikum," alisema mwenye koti.

"Alaikumu salaam," Tembo akajibu. "Habari za huko?"

"Za huko tunazijua sisi. Mnafanya nini hapa?"

"Gari limeharibika. Nazi zangu zinaniozea."

"Na huyu?"

"Fundi," alisema Ziro. "Mtoto wa shangazi yangu. Kiziwi na bubu."

Mwenye koti alicheka kidogo puani. "Siku hizi mabubu wamekuwa wengi. Juzi tulimpata mmoja, tukamgusa kidogo, akasema Kikuyu kizuri kabisa."

Wenzake wakacheka. Munyoki alikuwa amefikia bolti ya pili. Aliona viatu vyao pembeni ya bampa. Kiatu kimoja hakikuwa na gidamu. Alihisi jasho linamtiririka kwenye uti wa mgongo na kuingia kwenye mkanda wa suruali.

Ziro alikuwa amesimama upande wa pili wa injini, ameshika mpira wa rejeta usiohitaji kushikwa. Walitazamana juu ya vyuma. Miaka mingi walikuwa wamefanya kazi hivyo, kichwa kwa kichwa ndani ya boneti, na walikuwa wamezoea kuombana spana kwa macho tu. Sasa Munyoki aliona macho ya Ziro yanapanda, yanatazama kitu nyuma yake, yanafumbuka, kisha yanamrudia na kusimama imara. *Usigeuke.* Hakuhitaji mdomo. *Kinakuja. Usigeuke.*

Chuma kiligonga pipa tupu nyuma ya kisogo chake. Mlio ulipasuka, kunguru wakaruka juu ya mkorosho, hata Kavumbi akaruka juu ya mzigo. Munyoki alizungusha bolti. Moyo wake ulikuwa umesimama, lakini mkono ulizungusha bolti, nusu mzunguko, na nusu nyingine.

"Eh," alisema mmoja. "Kweli hasikii."

"Ngoja," alisema mwenye koti.

Wengine walikuwa wamekwenda nyuma ya pikapu. Munyoki alisikia nazi zinaguswa.

"Tupatie madafu, tuna kiu."

"Hizi ni nazi kavu," Kavumbi alisema, sauti yake ikiwa ya juu kupita kiasi. "Dafu hamna. Lakini chukueni, chukueni, hizi za huku juu ndizo nzuri." Akaanza kuwarushia, moja, nyingine, nyingine, nao wakawa wanazidaka huku wakitaniana, kama watoto. Kama si mapanga, mtu angedhani ni vijana wanaotoka kwenye mpira. Munyoki alifikiria yule mwanamke aliyelala chini ya nazi zile, anayesikia kila nazi inavyoondoka na mwanga unavyomkaribia.

Mwenye koti hakwenda kudaka nazi. Alikuja mpaka ubavuni mwa Munyoki, akainama ndani ya boneti kana kwamba anataka kujifunza kazi. Alinuka moshi. Akaweka mdomo wake karibu na sikio la Munyoki, karibu mno hata pumzi ikamchoma, na hakupiga kelele. Alinong'ona kwa upole kabisa, kama mtu anayempa mwenzake habari njema.

"Mkeo tunaye."

Winrose yuko Mutomo. Hilo Munyoki alilijua. Alikwenda kabla ya vurugu, alimpandisha basi mwenyewe, alimwona anapunga mkono. Alilijua kama anavyojua jina lake. Lakini maneno yale yalipita kwenye sikio yakashuka chini ambako hakuna kujua, na huko chini alimwona Winrose amepiga magoti. Je, kama alirudi? Je, kama alisikia habari redioni akapanda basi kuja kumtafuta? Winrose ni mtu wa kufanya hivyo. Jicho lake lilianza kujaa. Akakaza spana. Bolti ilikuwa imekwisha kukazika, lakini aliendelea kukaza, maana mkono ukisimama uso utasema. Alikaza, alikaza, misuli ya shingo ikamsimama, na ghafla kukawa na mlio mkavu na spana ikaruka. Kichwa cha bolti kilikuwa kimekatika.

Alikitazama kichwa kile kiganjani. Kisha akatoa kwa koromeo lote mlio wa hasira usio na neno, "Aaaah!", akakitupa chini na kupiga bampa kwa kofi.

Mwenye koti alirudi nyuma. Alimtazama kitambo, kisha akaangua kicheko.

"Fundi gani huyu? Mzee, gari lako halifiki leo." Akageuka, akachukua nazi moja mikononi mwa mwenziwe. "Twendeni."

Waliondoka kama walivyokuja, katikati ya barabara, wakielekea walikotoka. Waliobaki gereji hawakusogea. Hata walipokwisha kupotea kwenye kona, hakuna aliyesogea. Kisha Ziro alikwenda nyuma ya pipa akatapika.

Munyoki alimaliza kazi. Bolti tatu badala ya nne. Zingeshika kwa safari hiyo. Alifunga mabomba matupu, alipitisha mkanda mrefu kutoka kwenye lile gari lililopinduka, puli moja baada ya nyingine, akauvuta, akaukaza. Tembo alipowasha injini, puli ya kompresa ilizunguka laini, kimya. Gesi haikuwamo, wala hakuna aliyeuliza habari ya baridi.

"Panda," Ziro alimwambia. "Nenda nao."

Munyoki alitikisa kichwa. Alimwonyesha Ziro kwa kidole, akaonyesha gereji. *Na wewe?*

"Mimi ni wa hapa. Nitasema umekimbia. Lakini wakirudi, yule wa koti atarudi akiwa amekwisha kufikiri. Panda, Munyoki. Nakuomba."

Walimlaza pembeni ya Everlyn, wakawafunika majamvi, wakawafunika nazi. Humo ndani palikuwa na giza na joto la tanuri na harufu ya makumbi. Mwanamke alitafuta mkono wake, akaukamata, wala hakuuachia njia yote. Gari liliposimama mahali, waliacha kupumua wote wawili. Kuna mahali walisimamishwa na askari, na hao nao waliwaogopa, maana askari siku zile walikuwa wakimkamata kila kijana wa Kidigo, kabila la wenyeji wa pale, waliyemwona, na Kavumbi alikuwa mmoja wao. Walisikia anaulizwa maswali, walisikia kofi, walisikia Tembo anasihi. Kisha gari likaondoka. Walivuka daraja la Ramisi; Munyoki alilijua kwa mlio wa tairi. Baadaye barabara ikawa ya udongo.

Majamvi yalipofunuliwa, jua lilikuwa bado lipo. Ulikuwa uwanja wa misheni, umejaa watu, magodoro, sufuria, mbuzi. Kavumbi alikuwa na damu kwenye mdomo, lakini alicheka alipowaona. Mama mmoja aliyekuwa akiwapokea watu alimkaribia Munyoki, akamuuliza jina lake.

Munyoki alifungua mdomo, na hakikutoka kitu.

Alijaribu tena. Ulimi ulikuwa pale, koo lilikuwa pale, jina lilikuwa pale, lakini kati ya jina na ulimi palikuwa na mlango, na mlango umefungwa. Aliona mama yule anamtazama kwa huruma, akamsikia anamwambia mwenziwe, "Maskini, ni bubu." Akataka kukataa, akatikisa kichwa kwa nguvu, na woga uliomshika wakati ule ulikuwa mbaya kuliko wa gereji, maana sasa hakuna aliyemlazimisha.

"Si bubu," Everlyn alisema. Alikuwa ameketi chini, bado ana vumbi la makumbi kwenye nywele. "Huyu anasema. Alisema nami chini ya gari. Aliniambia nivumilie." Akamgeukia, akaanza kuzungumza naye kwa Kikamba, mambo ya kawaida tu: anatoka Mutomo sehemu gani, huko mvua ilinyesha, mtama walivuna. Hakungoja majibu. Alizungumza kama mtu anayeketi na mgonjwa, mpaka giza lilipoingia. Munyoki alilala bila kusema.

Asubuhi mzee mmoja alipita kati ya magodoro, akasimama, akamtazama. Na mdomo wa Munyoki ukafunguka wenyewe kwa adabu ya siku zote:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," mzee akajibu, akaendelea na safari yake, bila kujua kwa nini yule mtu wa godoroni alijifunika uso akaanza kulia kwa sauti.

Munyoki alirudi Mutomo kwa njia za kuzunguka, akamkuta Winrose salama, na kwa miezi mingi hakutaka kusikia habari za pwani. Lakini mwaka uliofuata, mvua kubwa za El Niño zilipokwisha na barabara zikarudi kupitika, alishuka tena. Gereji ilikuwapo. Ziro alikuwapo, amekonda, na kovu jipya kwenye nyusi ambalo hakutaka kulielezea. Walikumbatiana. Mchana walikuwa tena kichwa kwa kichwa ndani ya boneti, na Ziro alikuwa akimcheka kwa "ngali" yake.

Tembo hupita mara kwa mara na salamu za mama yake. Everlyn hakurudi Tiwi. Anafundisha Kitui, na Krismasi humwandikia Winrose. Mambo yalitulia. Ila hata leo, gari geni likisimama mbele ya gereji ile, Munyoki huinamisha kichwa kwenye kazi, akangoja mpaka Ziro azungumze kwanza.